Viluwiluwi Sita vya Papa Séraphin

Papa Séraphin aliniachia ufunguo wa nyumba yake siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshamharibia. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma kabla ya wakati. Kanisani kwetu wananiita maman Euphrasie, mwanamke wa sala, na mimi nilikuwa nimeanza kuliamini jina hilo. Lakini ninayetaka kumweleza hapa si mimi. Ni yeye, kwa sababu watu wengi wa Anderlecht, mtaa wetu hapa Brussels, wanapishana naye kwenye ngazi bila kumjua.

Séraphin Mwamba ni mzaliwa wa Likasi, ana miaka sabini na mmoja. Kule kwao alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika maabara ya hospitali, akichungulia damu za watu kwenye darubini na kutafuta malaria. Alipofika Brussels vyeti vyake vilitazamwa, vikasifiwa, vikarudishwa mkobani. Akapewa fagio. Alisafisha tramu mpaka alipostaafu, na wenzake wanasema hajapata kuacha hata ganda la karanga chini ya kiti. Mimi nakaa ghorofa ya nne, yeye ya tano, na mara ya kwanza nilipoingia jikoni kwake nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kila kopo lina karatasi yenye jina na tarehe. Hata chumvi! Nani duniani anaandika siku aliyofungua chumvi?

Ana mtoto mmoja tu hapa Ulaya, wa kike, Mujinga, anayekaa Berchem-Sainte-Agathe na binti yake Kelly. Kwa miaka minne Mujinga hakukanyaga kwa baba yake. Mama yake alikuwa amekwenda Likasi kusalimia ndugu, akaugua, akafariki. Papa Séraphin alisafiri akawahi maziko. Mujinga alikuwa anangoja karatasi zake za ukaazi zitoke, hakuweza kusafiri, akamwomba baba yake kwa simu amsubirie wiki mbili amzike mama yake kwa mkono wake. Baba akazika siku ya tatu. Alisema umeme wa chumba cha maiti ulikuwa unakatika kila siku, na mimi namwamini, kwa sababu umeme wa kwetu naujua. Ila mtoto aliyenyimwa kaburi la mama yake haelezwi habari za umeme akaelewa.

Sasa, kilichowarudisha pamoja kilikuwa kitu ambacho kule kwetu Butembo tungekipiga kwa kandambili. Mbelgiji mmoja aliyefanya naye kazi kwenye tramu alimpa mayai ya salamanda wa maji, mnyama wa umbo la mjusi na ngozi ya chura. Papa Séraphin, mtu wa maabara, akayakalisha kwenye bakuli dirishani upande wa baridi, na baada ya majuma mawili yakatoka viluwiluwi. Sita walipona. Nilipoviona mimi, kila kimoja kilikuwa na urefu wa nusu ya kidole, kichwa kipana kama cha kambale, vijiguu vyembamba kama uzi, na shingoni matamvua mekundu ya kupumulia yamesimama nje, matatu kila upande, yanapepea. Ngozi ilikuwa nyepesi hivi kwamba kikimeza mnyoo unauona unavyoshuka tumboni.

Alituma picha moja kwa Mujinga, bila neno lolote. Kelly, mwenye miaka tisa, akaiona, na tangu hapo nyumba ya Berchem haikupata amani. Jumapili ya kwanza Mujinga alimleta mtoto akabaki chini kwenye gari. Jumapili ya tatu akapanda mpaka mlangoni. Baadaye akaanza kuingia na kunywa chai. Kelly alichagua kiluwiluwi kimoja chenye doa jeusi kwenye paji la uso, akakiita Tatiana, jina la mwalimu wake, na sijui mwalimu mwenyewe angelipokeaje.

“Maman Euphrasie,” Papa Séraphin aliniambia siku moja, “hii banyama njo inanirudishia mutoto wangu.”

Kwa hiyo nilijua. Mtu asinisemee kwamba sikujua.

Alikuwa anaingia hospitali kupasuliwa goti, siku tisa. Jumanne hiyo alinipandisha kwake kunionyesha kazi. Vile viluwiluwi vilikuwa vimepangwa juu ya meza, kila kimoja katika kopo lake la plastiki, makopo ya aiskrimu yaliyooshwa, yenye karatasi za majina. Pembeni kulikuwa na ndoo ya maji yaliyokaa siku nzima ili dawa ya bomba itoke, na koleo ndogo ya kulishia.

“Unatoa nusu ya maji, unatia mengine ya ndoo,” alisema. “Minyoo mbili asubuhi, mbili mangaribi. Ni ile tu. Na kila moja inabakia mu kopo yake, usichanganye.”

“Lakini mbona unabafunga moja-moja, papa? Sawa vile bafungwa?”

“Bon, unaona, hii banyama, kama ingali midogo...”

“Papa, miye nilikomalisha batoto saba,” nilimkatiza. “Bote bako bazima. Enda upasuliwe goti yako kwa amani.”

Alicheka, akasema aksanti. Alikuwa ameandika pia maelezo yote kwenye karatasi, kwa Kifaransa na kwa mwandiko wake wa daktari, akaibandika kwenye friji. Sikuisoma, kwani miwani niliiacha nyumbani na, nikisema kweli, niliona ni mambo ya mtu anayeandika tarehe juu ya chumvi.

Jumatano nilifanya kama alivyosema. Alhamisi nikatoka kazini na moyo mzito. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, nawaogesha, nawavalisha, nawasukuma hadi dirishani. Kila mzee ana chumba chake, jina lake mlangoni, na ukuta wake wa kutazama. Siku ile mmoja alikuwa amenishika mkono akakataa kuuachia. Basi nikapanda ghorofa ya tano nikakuta wale sita, kila mmoja na kopo lake, jina lake, na ukuta wake. Nikakasirika kabisa. Nikasema hata wadudu wa Ulaya wamefundishwa upweke? Kwetu tulilala watano juu ya mkeka mmoja, tukala sahani moja, tukapigana, tukakua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nikashuka nikachukua beseni langu la bluu. Nikalijaza maji ya ndoo, nikavimimina vyote sita ndani. Vikasogeleana, vikatulia kichwa kwa kichwa, na mimi nikavipiga picha. Nilijisikia vizuri sana. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa moyo wa huruma, nikaenda kupika.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kazi, nikapanda kuwalisha. Kimoja kilikuwa kinaelea tumbo juu. Kingine hakikuwa na mguu wa mbele. Cha tatu kilikatwa ncha ya mkia, cha nne matamvua ya upande mmoja yalikuwa yamenyolewa na miguu miwili haipo. Kimoja kilijibanza ukingoni, kizima, kinatetemeka. Tatiana wa Kelly alikuwa mzima kuliko wote, ameshiba, na mdomoni mwake kulikuwa na kitu cheupe chembamba ambacho sikutaka kukitazama mara mbili.

Hapo ndipo nilipotafuta miwani. Karatasi ilisema, namba mbili, imepigiwa mistari miwili chini: wakiwa wadogo hawaoni vizuri, chochote kinachopita mbele ya mdomo wanakidhani ni chakula, usiwaweke pamoja hata saa moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema. Mimi miguu yangu yote miwili ilikuwa salama. Waliovunjika ni wengine.

Nikavirudisha kila kimoja kwenye kopo. Isipokuwa Tatiana, sikujua kipi ni kipi. Kile kilichokufa nilikifunga kwenye karatasi ya jikoni nikakitupa, na mfuko wa taka nikaufunga mafundo mawili. Kufikia Jumapili majeraha yalikuwa yameota kitu cheupe, kama pamba. Niliogopa kumuuliza mtu. Niliongeza minyoo, nikidhani mgonjwa ni kulishwa. Haikuliwa, ikaoza, maji yakanuka, vile vilivyojeruhiwa vikaacha kusogea.

Papa Séraphin alinipigia kila siku jioni kutoka hospitali.

“Banyama banaendelea?”

“Banaendelea muzuri, papa.”

“Tatiana anakula?”

“Sana.” Hilo angalau lilikuwa kweli.

Jumapili ile Mujinga alimpeleka Kelly hospitali kumwona babu yake. Papa aliniambia kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata goti jipya na mtoto mpya siku moja. Alisema Mujinga alimkata kucha za miguu kwa kuwa hawezi kuinama. “Unasikia, maman? Kucha!” Nikamwambia Mungu ni mwema. Nilipokata simu nikalia, kisha nikaenda kubadilisha maji.

Alirudi Alhamisi, na magongo mawili. Hakukaa hata kuvua viatu. Alienda moja kwa moja mezani. Akainama juu ya makopo, moja baada ya jingine. Akavaa miwani. Akachukua kioo chake cha kukuzia. Mimi nilisimama nyuma yake, ulimi wangu uko tayari tangu asubuhi.

“Walianza na madoa nyekundu,” nilisema. “Kisha miguu ikaoza yenyewe. Moja alikufa.”

Aligeuka akaniangalia.

“Maman Euphrasie, kila moja ilibakia mu kopo yake?”

“Kila moja kwake, papa.”

“Haukuchanganya? Hata kidogo?”

“Naapa.”

Nilisema naapa, mimi ninayewafundisha watoto wa kanisa wasiape. Siwezi kusema shetani alinipitia. Nilikuwa nimejipanga.

“Koleo ulitumikisha moja?”

“Moja.”

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, na nikaona uso wake unabadilika. Haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa maabara. Akanieleza kwamba kama hawakuumana, basi ni ugonjwa, na kuna virusi fulani anavyovisoma kwenye mtandao, vinakula ngozi na miguu ya wanyama hawa, vinapita kwa koleo na kwa maji, vinamaliza makopo yote kwa juma moja. Alisema ni kosa lake, angenipa koleo sita. Alisema hivyo! Kosa lake! Na mimi nikamwambia, “Usijilaumu, papa,” kwa upole kabisa, kama mtu anayesamehe.

Ijumaa akampigia yule Mbelgiji wake kumuuliza juu ya virusi hivyo. Jumamosi nilimpelekea sombe ya majani ya muhogo na samaki, nikiwa nimeamua kusema. Nikamkuta ana karatasi mbele yake, kalamu mkononi, amekonda uso. Nikaweka sahani. Nikasema nitasema kesho, baada ya ibada, nikiwa na nguvu ya Neno. Mtu akitaka kuchelewa kutenda haki hata Neno la Mungu atalitumia.

Kanisa letu liko kwenye bohari la zamani nyuma ya stesheni ya treni ya Gare du Midi. Jumapili hiyo sikusikia mahubiri hata sentensi mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ambayo hayakuwepo. Katikati ya nyimbo nikachukua mkoba nikatoka. Nikapenya soko la Jumapili la pale stesheni, katikati ya wauza nguo na zeituni, nikapanda basi, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Kelly na mama yake hufika saa nane. Ilikuwa saa tano na nusu.

Alinifungulia mlango. Nyumba nzima ilinuka karafuu. Kwetu mafuta ya karafuu ni dawa ya jino, basi nikamuuliza, kabla ya yote:

“Jino inakuuma, papa?”

“Hapana,” alisema. “Si jino.”

Makopo matano yalikuwa kwenye sinki, matupu, yamelowekwa kwenye javeli, ile dawa ya kuulia vijidudu. Koleo nayo. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, na kando yake kichupa kidogo cha duka la dawa. Alikaa, akanyoosha mguu wake mbaya mbele, akanieleza kama anavyoeleza mtu kazi aliyoifanya vizuri na hakuipenda. Kama ni virusi hakuna dawa. Wale wazima nao wanavyo bila kuonyesha. Kelly angewagusa, halafu angegusa wale wa darasani kwao, maana mwalimu ameweka wawili shuleni. Matone machache ya karafuu kwenye maji, wanalala, hawasikii kitu, hawaamki tena. Alifanya asubuhi ili mtoto asione.

“Batano bote?”

“Bote.”

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

“Papa, haikuwa ugonjwa.”

“Unasema je?”

“Nilibaweka bote mu beseni moja. Alhamisi, nilitoka kazini, nikabaonea huruma. Balikulana. Haikuwa virusi, haikuwa kitu.”

“Na uliniapia.”

“Niliapa.”

Alitazama kile kitambaa. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, hakuusogeza.

“Tatiana alikuwa mzima?”

“Alikuwa mzima, papa. Mzima kabisa.”

Nilingoja anifukuze. Ningeshukuru. Badala yake alianza kusema kwa sauti ndogo, na hakuwa akinisemesha mimi hasa. “Miguu yao inaotaka tena,” alisema. “Sikukuambia ile. Unaikata, inarudi. Mukia, miguu, hata ile ya shingo. Mwezi moja, mbili, hauone hata alama. Ile pamba, unatia chumvi kidogo, inatoka.” Akavua miwani. “Bangepona bote, maman.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Beseni langu liliua kimoja. Ulimi wangu ukaua vitano, na haukuua kwa mkono wangu, bali kwa mkono wa mtu mwangalifu kuliko wote ninaowajua. Nilimwambia nitamweleza Kelly mwenyewe. Akasema sawa. Tukakaa mpaka saa nane, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu.

Mujinga aliingia amebeba sufuria ya ugali iliyofungwa kwa kitambaa. Hakuwa amewahi kumletea baba yake chakula tangu mama afe. “Ni bukari na samaki, papa,” alisema, “juu hauwezi kusimama kupika.” Kelly alimpita akakimbilia meza, akaona hakuna kopo. Akatazama dirishani. Akatazama sinki.

Nikasema. Nilisema yote, Kiswahili na Kifaransa, beseni, kiapo, virusi vya uongo, sikujipunguzia kitu. Nilisema kosa ni langu na wanilaumu mimi. Kelly alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama watoto wanavyosikiliza mkubwa wa kanisa. Kisha akamgeukia babu yake.

“Koko, juu ya nini haukuningoja?”

Papa Séraphin alishika magongo yake. Angeweza kuninyooshea kidole, nilikuwa nimekaa mbele yake. Hakuninyooshea. Mujinga aliweka sufuria juu ya jiko, polepole.

“Koko yako hajuake kungoja,” alimwambia mtoto. “Hata miye hakuningoja.”

“Mujinga,” nilisema, “ni miye nilimudanganya. Angejua kweli hangefanya.”

“Nimekusikia, maman Euphrasie. Aksanti kwa kusema.” Alikuwa anamfunga Kelly zipu ya jaketi ambalo mtoto hakuwa amelivua. “Lakini mukono haikuwa ya kwako.”

Walikaa dakika kumi kwa jumla. Papa aliwasindikiza hadi mlangoni na magongo yake, akasema salimieni, akarudi. Hatukula kile chakula siku ile. Alikula yeye kesho yake, peke yake, akaosha sufuria.

Majuma sita yamepita. Nimempigia Mujinga mara nne, na mara zote ananijibu kwa heshima, anauliza kazi yangu, hasemi atakuja lini. Jumapili napanda ghorofa ya tano baada ya ibada. Papa Séraphin ananikaribisha. Sijui kwa nini, na naogopa kumuuliza. Tunakunywa chai, ananisomea habari za Likasi, na ikifika saa nane anatazama mlango. Sufuria ya Mujinga iko pale juu ya jiko, safi, imefunikwa. Nilimwambia niipeleke Berchem, ni mwendo wa nusu saa tu.

“Acha hapo,” alisema. “Muntu hawezi sahau sufuria yake. Atakuja kuikamata.”

Nikamjibu ndiyo papa, atakuja. Nilimwangalia machoni nilipokuwa nasema hivyo, kama nilivyomwangalia siku ile nilipoapa.